Ibada ya shukrani nyumbani wakati wa Krismasi: anza na orodha ya watu, turubai baadaye

SWALI: Sisi ni ndugu sita, kwetu ni Machame, ila wengi tunaishi Dar es Salaam na Arusha. Julai baba alifanyiwa upasuaji hospitali ya KCMC, Moshi, akaongezewa damu chupa mbili, na kwa neema ya Mungu amepona. Mama ameomba kwamba tukienda nyumbani Krismasi tufanye ibada ya shukrani, na tuwashukuru pia ndugu na marafiki waliotushika mkono. Nimechaguliwa kuratibu. Tunategemea watu kama 80. Sisi ni Walutheri wa KKKT, wifi yangu ni Mkatoliki, shemeji yangu ni Mwislamu. Kaka zangu wawili hawasemezani tangu Agosti kwa sababu ya michango ya hospitali. Na Machi tulimzika mdogo wetu wa mwisho. Nianzie wapi ili shughuli isigeuke ya kujionyesha, wala isituachie madeni?

JIBU: Dada, poleni kwa msiba, na Mungu asifiwe kwa mzee kuamka kitandani.

Anza na orodha ya watu mnaowashukuru, uimalize kabla hujaagiza kiti hata kimoja. Familia nyingi huanza na turubai, sare na chakula. Siku ikifika, msemaji anasimama anasema, "tunawashukuru wote mliotusaidia kwa namna moja au nyingine." Jirani aliyewasha gari usiku wa manane kumpeleka mzee Moshi yuko pale kwenye kiti, na hakutajwa. Amelishwa vizuri, lakini hajashukuriwa. Watu hutoka Dar es Salaam mpaka Machame kwa ajili ya shughuli ya namna hii, halafu jambo lenyewe lililowaleta halifanyiki.

Orodha itengeneze na mama, jioni moja, mkiwa na daftari. Andikeni tarehe kwa mpangilio: siku mzee alipoanza kulalamika, siku alipopelekwa hospitali, siku ya upasuaji, siku alizolala wodini, siku ya kuruhusiwa, siku za kliniki. Karatasi za hospitali zitawasaidia kukumbuka. Kila tarehe ijibiwe maswali mawili: nani alikuwa na mzee, na nani alikuwa nyumbani? Hilo la pili wengi hulisahau. Mama alipokuwa hospitali, kuna mtu alikata majani ya ng'ombe, kuna mtu alikamua, kuna mtu alilala pale ili nyumba isibaki tupu. Mtu huyo hayumo kwenye kundi la WhatsApp la michango, wala jina lake halionekani kwenye miamala ya simu.

Hapo ndipo shukrani za familia zinapopinda. Fedha huacha kumbukumbu, jasho haliachi. Miezi mitano ikipita, aliyetuma laki tano bado anaonekana kwenye orodha, na aliyelala sakafuni wodini siku tisa amefutika. Kwa hiyo andikeni orodha mbili, ya waliotoa mali na ya waliotoa mikono na muda, na siku ya ibada isomwe kwanza hiyo ya pili. Kiasi cha fedha kisitajwe kwa mtu yeyote. Ukitaja cha mmoja, umewapima wote.

Nadhani ugomvi wa kaka zako una mzizi wake hapohapo. Mara nyingi ndugu wanaogombania michango hawagombanii hela yenyewe. Mmoja anaona alitoa nyingi na hakuna aliyeliona hilo, mwingine anaona aliacha kazi zake akauguza na sasa anahesabiwa kuwa hakutoa kitu. Shauri langu: jambo hili limalizwe kabla ya siku ya ibada, bila kipaza sauti wala wageni. Mathayo 5:23-24 inaelekeza hivyo hivyo, kwamba sadaka iachwe kwanza mpaka mtu apatane na ndugu yake. Kwa desturi ya Kichaga mnajua pia jani la sale. Anayeomba radhi hulipeleka, au hutuma mzee alipeleke kwa niaba yake, na aliyepelekewa anajua ni uzito gani umewekwa mbele yake. Mtafuteni baba mkubwa au mjomba ambaye wote wawili wanamheshimu, aanze kwa simu na kila mmoja peke yake tangu mwanzoni mwa Desemba, halafu awakutanishe wakishafika nyumbani, watu wanne au watano tu. Mama asiwe mwamuzi. Atalia, nao watapatana ili anyamaze, na Februari mtarudi palepale.

Wasipopatana, ibada iendelee, ila hao wawili wasipangiwe kuzungumza, na asitokee mtu wa kuwaita mbele wakumbatiane. Upatanisho wa kulazimishwa mbele ya watu 80 humfedhehesha yule ambaye moyo wake haujawa tayari, na mara nyingi ndiye mwenye donda kubwa zaidi.

Sasa tarehe. Ongea na mchungaji wenu Novemba, usingoje Desemba. Mchungaji wa usharika wa uchagani ana mkesha wa tarehe 24, ibada ya 25, kisha ubatizo na ndoa za watu waliorudi nyumbani, halafu mkesha wa mwaka mpya. Tarehe 27 ndiyo huwa na nafasi, na wageni wa mbali huwa bado hawajaanza kurudi. Iepuke ikiangukia Ijumaa, kwa sababu shemeji yako ana swala ya msikitini, au Jumapili, kwa sababu wifi yako ana Misa na mchungaji ana ibada yake. Mchungaji akikosa nafasi, mwinjilisti au mzee wa kanisa anaweza kuongoza ibada ya neno nyumbani, na haitapungukiwa kitu. Mjulisheni tu mchungaji ili ajue kinachoendelea katika usharika wake.

Ombeni iwe ibada ya neno, bila Chakula cha Bwana. Mkiweka meza, wifi yako Mkatoliki hatashiriki na shemeji yako hatashiriki, na siku mliyowaita kuwa familia moja itawaacha wawili wamekaa pembeni. Wifi naye akitaka, aombe nia ya Misa ya shukrani kwa ajili ya mkwewe katika parokia yake. Sikukuu ya Familia Takatifu huangukia ndani ya siku nane za Krismasi, na ni siku inayofaa sana kwa nia ya namna hiyo. Mmoja wenu amsindikize. Atajua kwamba imani yake nayo imehesabiwa.

Ibada yenyewe isizidi saa moja na nusu. Mzee amefanyiwa upasuaji mwaka huu. Hawezi kukaa juani tangu saa nne mpaka saa tisa akipewa mikono na watu 80. Kiti chake kiwe kivulini, karibu na mlango, ili akichoka aingie ndani bila kuaga. Tena azungumze mwanzoni. Kawaida tunamwacha mwenye shughuli azungumze mwisho, na mgonjwa anapofikia zamu yake amekwisha nguvu. Mpeni dakika tano baada ya wimbo wa kwanza na sala. Zifuate somo, mahubiri ya dakika 15, shukrani kwa watu, sadaka, maombi na baraka. Kwa masomo, Zaburi ya 103 au ya 116 inamfaa mtu aliyeinuka kutoka ugonjwani, na Luka 17:11-19, habari ya wale kumi wenye ukoma, inagusa jambo lenu moja kwa moja: mmoja alirudi kushukuru. Chagueni nyimbo za kitabu cha Mwimbieni Bwana ambazo wazee wanazijua kwa kichwa. Kwaya ya kukodi si lazima.

Katika ibada ya shukrani mtashukuru pia kwa ajili ya imani. Hili nalo lisiachwe kwa maneno ya jumla. Imani ya nyumba yenu ina watu walioibeba mpaka ikawafikia. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walianza kazi Machame mwaka 1893, kule Nkwarungo, na Wakatoliki walikuwa wametangulia kidogo upande wa Kilema. Kwa hiyo inawezekana nyumba yenu ina vizazi vinne au vitano vya waliobatizwa. Waulizeni wazee: nani wa kwanza kubatizwa katika ukoo, na alibatizwa na nani? Daftari la ubatizo la usharika wa zamani linaweza kusaidia, mkiomba mapema na kwa adabu. Halafu muulizeni mzee na mama ni nani aliyewafundisha kuomba. Mara nyingi jibu ni bibi fulani au mwalimu wa kipaimara ambaye wajukuu hawajawahi kumsikia. Majina hayo matatu au manne yasomwe katika maombi ya shukrani. Watoto watasikia kwamba kanisani hawakufika kwa bahati.

Kwenye shukrani kwa watu, pangeni wasemaji watano au sita, kila mmoja dakika tatu, na kila mmoja agawiwe watu wa kuwashukuru ili asitokee mtu wa kurudia wala wa kusahau. Mfundisheni kila msemaji aseme vitu vinne tu: jina la mtu, alichofanya, siku aliyokifanya, na kingetokea nini asingekifanya. Kwa mfano: "Mama Neema, usiku ule wa tarehe 8 Julai ulipoacha watoto wako wamelala ukaja kukaa na mama mpaka gari likafika, mama hakuwa peke yake. Sisi tulikuwa Dar, hatukuweza kufika. Ulikuwa mtoto wake usiku ule." Sekunde 20, na mtu huyo hatayasahau maneno hayo. Hotuba ya dakika 15 kuhusu upendo hukosa nguvu hiyo, kwa kuwa haina tarehe wala tendo.

Msemaji akizidisha muda, msimkate kwa kipaza sauti. Kubaliana mapema na dada mmoja mwenye sauti aanzishe wimbo unaojulikana. Watu watadakia, naye atakaa kwa heshima. Na mshehereshaji wa kukodi sikushauri hata kidogo. Kazi yake ni kuchangamsha, na akiona kimya atakijaza, wakati kimya ndicho mnachokihitaji pale mama anapojaribu kusema jina la jirani yake na sauti inakatika.

Msitaje ugonjwa wa mzee kwa undani bila ruhusa yake. "Alifanyiwa upasuaji" inatosha. Wapo wazee waliokaa kimya kwa aibu katika ibada yao wenyewe kwa sababu mtoto alieleza mbele za watu sehemu gani ilikatwa.

Kuhusu mdogo wenu. Msimruke, na msiifanye siku ya shukrani kuwa matanga ya pili. Kama kaburi liko kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, tarehe 26 nendeni wenyewe mlisafishe, mpande maua, muombe. Hapo ndipo mlie. Siku ya ibada, anayeongoza amtaje kwa jina katika sala ya mwanzo, kabla ya shukrani zozote, ili mama asikae saa nzima akijiuliza kama mtoto wake amesahauliwa. Na wapeni ruhusa ya wazi wote walio na majonzi kutozungumza. Mtu aliyefiwa Machi anaweza kumshukuru Mungu kwa kupona kwa baba huku akiwa bado hajui aseme nini kuhusu mdogo wake. Mwacheni akae na hayo mawili.

Kwa shemeji: mbuzi achinjwe na Mwislamu, jambo ambalo ni rahisi kupanga mjini Moshi, Bomang'ombe au hapo kijijini. Kama kutakuwa na kitimoto (nyama ya nguruwe), na uchagani huwa ipo, sufuria, visu, miiko na jiko lake viwe mbali kabisa, na mpishi wake asiguse chakula kingine. Kosa la kawaida ni kutenga nyama halafu kuchota kwa mwiko uleule. Mwekeeni chumba safi na maji, kwani adhuhuri huingia karibu saa sita na nusu. Msimpe somo la Biblia asome "ili naye ashiriki". Mpeni nafasi ya kumshukuru mkwewe kwa maneno yake mwenyewe; hiyo ndiyo heshima anayoweza kuipokea kwa moyo wote.

Mzee aliongezewa chupa mbili za damu. Hao wawili walioitoa hamwajui wala hamtawajua, na hawawezi kualikwa. Njia ya kuwashukuru ni moja: msitafute maneno, tokeni mkatoe damu. Moshi kuna kituo cha kanda cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na KCMC kwenyewe mnaweza kuuliza utaratibu. Anayetoa awe na afya njema, umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume huweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Hutolewa takriban mililita 450. Aliyelala vizuri, amekula na kunywa maji ya kutosha kwa kawaida hapati shida. Anayezimia mara nyingi ni yule aliyeshuka kwenye basi la usiku akaenda moja kwa moja bila kula. Nendeni tarehe 23, au asubuhi ya 24, kabla mbege, pombe yetu ya ndizi, haijaanza. Desemba ndiyo wakati wenyewe, maana sehemu kubwa ya damu nchini hutoka kwa wanafunzi, na shule zimefungwa. Damu yenyewe haihifadhiki zaidi ya wiki tano au sita, kwa hiyo iliyokusanywa Oktoba haiwezi kuvushia ajali za barabarani za mwisho wa mwaka.

Wauguzi wa wodi nao waandikieni barua ya mkono, ukurasa mmoja, mkitaja zamu au siku mnazokumbuka, ikabidhiwe kwa msimamizi wa wodi. Barua hubandikwa ukutani na husomwa na wote. Bahasha ya fedha kwa mmoja inaweza kumletea maswali kazini.

Marafiki walio mbali, wa kazini kwako na wa kikundi chako, msiwatumie picha ya "Heri ya Krismasi" iliyosambazwa. Piga simu, dakika tano, au rekodi sauti yako ukitumia vile vitu vinne vya wasemaji. Usiunganishe shukrani na ombi. Ukimalizia kwa "halafu kuna kitu nilitaka unisaidie", ataona kwamba shukrani ilikuwa hodi tu.

Chakula sasa, kwa watu 80, tuseme watu wazima 60 na watoto 20. Mchele kilo 8 mpaka 9 unatosha kama kuna ndizi. Kwa machalari (ndizi zilizopikwa na nyama) andaeni mikungu miwili mikubwa. Nyama hesabu robo kilo kwa mtu mzima ikiwa mbichi na nusu ya hapo kwa mtoto, yaani kilo 17 au 18. Mbuzi wa kilo 30 akiwa hai hutoa kilo 13 mpaka 15 pamoja na mifupa, kwa hiyo mmoja hatoshi: chinjeni wawili, au mmoja na kilo 5 za ng'ombe. Mgawo wa nyama ya wazee, nani apewe kidari na nani apewe nini, hutofautiana kati ya ukoo na ukoo. Muulizeni baba mkubwa kabla ya kuchinja, kwani kosa hapo hukumbukwa miaka mingi. Soda kreti 5 ni chupa 120. Pilau isipikwe usiku wa kuamkia. Wali uliolala kwenye sufuria kubwa yenye joto la uvuguvugu ndio unaoharibu matumbo ya wageni. Mbege iagizwe wiki mbili kabla, kwani ndizi lazima ziive na kuchachuka kwanza, na ikishachanganywa na ulezi haisubiri siku nyingi. Itolewe baada ya baraka, si kabla.

Gharama: msichapishe kadi za michango. Huwezi kumwita mtu umshukuru kisha umdai kiingilio. Ndugu sita mkae mwishoni mwa Novemba, kila mmoja aandike kwenye karatasi kiasi anachoweza bila kugusa ada ya Januari, mmoja wenu azikusanye na atangaze jumla tu. Hiyo jumla ndiyo bajeti. Ikiwa ndogo, punguzeni watu mpaka 50, au toeni chai ya maziwa, maandazi na ndizi badala ya mlo kamili. Ibada ya saa tatu asubuhi yenye chai ni shughuli kamili. Kitu cha kwanza kukata kiwe sare, cha pili mapambo, cha tatu muziki. Turubai msilikate, kwa sababu mvua za vuli huweza kuwa bado zinanyesha mlimani Desemba.

Sadaka ya shukrani iwekwe kwenye bahasha, ipokelewe na mzee wa kanisa na ifike usharikani na stakabadhi yake. Jioni ya tarehe 27, kabla watu wa Arusha hawajaondoka, mweka fedha awasomee ndugu sita matumizi yote pamoja na risiti, na kilichobaki mkiweke kwa nauli ya mzee ya kliniki. Waliopika na kuosha vyombo walipwe siku hiyohiyo, na majina yao yawe yameshasomwa mchana, pamoja na ya wengine.